Mwaloni Huu Haujafa: Kusoma Mimea katika Michoro ya Walimbwende

Mtu aliyekulia pwani akionyeshwa kwa mara ya kwanza mialoni ya mchoraji wa Kijerumani Caspar David Friedrich, ile mitatu iliyosimama kwenye theluji kuzunguka kaburi la kale, huuliza swali moja kabla ya mengine yote: miti hii imekufa? Matawi yako uchi, vilele vimevunjika, hakuna hata jani. Nimeulizwa swali hilo mara nyingi na kila mara hulijibu kwa mbuyu. Mbuyu nao hukaa miezi mingi bila jani, mgeni akadhani umekauka, kumbe unangoja mvua. Mwaloni wa kaskazini mwa Ujerumani hupukutisha majani kwa ajili ya baridi, na ikifika mwezi wa tano huwa kijani tena. Basi jibu ni kwamba baadhi ya miti ya Friedrich imekufa na mingine imelala tu. Mchoraji aliijua tofauti hiyo barabara, na usipoijua wewe mtazamaji, utaisoma picha kinyume.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu mazungumzo mengi juu ya mimea katika sanaa ya Walimbwende, wasanii wa Ulaya wa zama za Friedrich, huanza na jedwali la alama. Mwaloni ni upagani, au ushujaa wa mababu. Msonobari ni tumaini. Mmea utambaao ni uaminifu. Mbaruti ni uchungu. Mtazamaji hupewa funguo, akafungua picha, akaondoka. Helmut Börsch-Supan, mtaalamu wa Kijerumani aliyeshirikiana na Karl Wilhelm Jähnig kuorodhesha kazi za Friedrich katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1973, alisoma miti yake kwa njia inayokaribia hiyo, na kazi yake inaheshimiwa hadi leo. Waliokuja baadaye wamebishana naye sana, na mimi niko upande wao. Mimea ile ina maana, tena maana nzito, ila haitoki kwenye jedwali. Inatoka katika namna mmea unavyoota, unavyozeeka na unavyokufa, na mchoraji aliyajua hayo kwa kukaa chini mbele yake na penseli mkononi.

Neno lenyewe kwanza. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili huuita mkondo huu ulimbwende, na hapa neno hilo halina uhusiano na mashindano ya urembo. Ni wimbi la fikra lililoenea Ulaya kuanzia miaka ya 1790 hadi karibu na katikati ya karne ya 19. Walimbwende walichoshwa na dhana kwamba dunia ni mashine inayoelezeka yote kwa hesabu. Waliamini kuna jambo lisemwalo na mlima, ukungu, bahari na mti, na kwamba moyo wa mtu ukitulia unaweza kulisikia.

Tatizo lao lilikuwa cheo. Katika vyuo vya sanaa vya Ulaya picha za mandhari zilihesabiwa daraja la chini. Juu kabisa zilikaa picha za matukio makubwa ya Biblia na historia, zenye watu, mikono iliyoinuliwa na nyuso zenye machozi. Mtu akitaka kuzungumza juu ya kifo, wokovu au taifa kwa kuchora kilima na vichaka tu, ilimbidi vichaka vibebe mzigo uliokuwa ukibebwa na mitume. Hapo ndipo mimea ilipoanza kupewa kazi kubwa. Na si ajabu kwamba wawili waliolisukuma jambo hili mbali kuliko wengine, Friedrich aliyezaliwa Greifswald mwaka 1774 na Philipp Otto Runge aliyezaliwa Wolgast mwaka 1777, walitoka miji jirani ya pwani ya Baltiki, katika nchi ya Walutheri. Walikulia katika imani iliyoegemea neno kuliko sanamu, na jicho lenye kiu ya kuona likaenda kutafuta nje, mashambani.

Vifaa navyo vilisaidia. Penseli nzuri za zamani zilitegemea grafiti safi iliyochimbwa Borrowdale, Uingereza. Vita vilipoifungia Ufaransa biashara hiyo, Nicolas-Jacques Conté alibuni mwaka 1795 njia ya kuchanganya unga wa grafiti na udongo wa mfinyanzi kisha kuuchoma. Ukizidisha udongo, penseli inakuwa ngumu na mstari unakuwa mwembamba na wa kijivu. Ukipunguza, inakuwa laini na nyeusi. Ukiwa na penseli ngumu iliyochongwa vizuri unaweza kufuata ukingo wa jani lililojikunja mpaka kwenye kikonyo chake bila kulipaka doa.

Halafu kuna sepia, wino wa kahawia ambao asili yake ni mfuko wa wino wa dome, yule yule ambaye wavuvi wetu hurudi naye mikono imechafuka. Mjini Dresden, alikohamia Friedrich mwaka 1798 baada ya masomo Copenhagen, kazi za sepia zilikuwa zimekwisha kupata jina kupitia Jakob Crescenz Seydelmann. Wino huo hutandazwa tabaka juu ya tabaka, mwepesi kama pumzi, hata ukungu wa alfajiri ukaonekana umekaa juu ya karatasi. Ni kwa michoro miwili ya sepia kwamba Friedrich alishiriki tuzo ya Weimar mwaka 1805, katika shindano lililoandaliwa na Goethe, mshairi mashuhuri wa Kijerumani, na wenzake. Mmoja wapo una mwaloni uliokufa katikati ya mandhari ya kiangazi, yaani kila kitu kinachouzunguka kinastawi. Mti mkavu kati ya miti mibichi ni habari tofauti kabisa na mti mkavu kwenye theluji, ingawa jedwali lingeuandikia neno moja.

Alifanyaje kazi? Alitembea. Alikwenda kwao Pomerania, kisiwa cha Rügen, milima ya Harz na ile ya mpakani mwa Bohemia, akachora mti mmoja mmoja kwa penseli, akaandika tarehe, na mara nyingine akaweka alama ya kuonyesha upeo wa macho ulipita wapi. Michoro hiyo haina mandhari nyuma. Ni mti tu na karatasi nyeupe. Kila tawi limefuatwa mpaka ncha: pale lilipovunjika, pale gome lilipobanduka, pale kichipukizi kilipotokea ubavuni mwa jeraha la zamani. Aliitunza michoro hiyo kama mwenye duka anavyotunza bidhaa, akairudia tena na tena, na mwaloni uliochorwa siku moja ukaonekana katika kazi zaidi ya moja, pengine baada ya miaka mingi. Kwa hiyo mwaloni wa Friedrich ulikuwa mti fulani uliosimama mahali fulani kabla haujawa alama ya chochote, na mtu aliutazama siku nzima.

Nilikuja kulielewa hili nilipojaribu kuchora mwembe wa nyumbani kwetu. Nilishindwa asubuhi nzima, kwa sababu mwembe ni wingu la majani na mifupa yake haionekani. Nilipojaribu mbuyu wakati wa kiangazi, mkono ulijua pa kwenda: shina, bega, kiwiko, vidole. Mti usio na majani ni mti unaoonyesha historia yake. Kila pembe ya tawi ni uamuzi uliofanywa miaka mingi nyuma kwa sababu ya upepo, kivuli au shoka. Msanii anayetaka kuzungumza juu ya wakati uliopita hana haja ya kubuni alama. Ameikuta imeandikwa mtini.

Tuitazame kwa karibu jozi moja ya mwaka 1811. Ni picha ndogo za rangi ya mafuta, lakini mifupa yake ni michoro ya penseli. Ya kwanza, iliyoko Schwerin, ina mtu mdogo mwenye magongo akitembea kwenye theluji kati ya mialoni iliyokatika na visiki. Mbingu ni nzito, hakuna upeo wa kushika. Ya pili, ambayo toleo lake moja liko National Gallery ya London, ina mtu ameegemea jiwe mbele ya msalaba, na misonobari michanga imeuzunguka. Magongo ameyatupa kwenye theluji. Nyuma yake, ndani ya ukungu, kanisa la Kigothi linachomoza na minara yake imechongoka sawasawa na misonobari ile, kana kwamba jengo nalo limeota.

Tafsiri ya haraka inakuja yenyewe: mwaloni ni kukata tamaa, msonobari ni tumaini, mgonjwa ameponywa. Siikatai. Lakini isogelee picha ya pili zaidi, hapo chini kwenye theluji. Kuna majani ya nyasi yanatoboa. Ni membamba, machache, rahisi kupitwa na jicho. Hakuna kitabu cha alama kilichompa Friedrich nyasi zile. Mtu aliyewahi kutembea kwenye theluji mwishoni mwa majira ya baridi anajua kwamba nyasi huonekana hivyo pale theluji inapokuwa nyembamba, na kwamba chini yake ardhi haijalala usingizi wa mauti. Kwangu mimi hubiri la picha ile liko kwenye nyasi hizo kabla ya kufika msalabani.

Lakini kuuhusisha msonobari na tumaini si dhana ya wachambuzi peke yao. Friedrich mwenyewe aliisema. Mwishoni mwa 1808 alionyesha Dresden picha ya msalaba juu ya mlima, ikiwa imetengenezwa kama ya altare, ndani ya fremu iliyochongwa matawi ya mitende, masuke ya ngano na mzabibu. Kabla ya hapo alikuwa ameshachora msalaba wa mlimani kwa sepia. Ndani ya picha hakuna umati wala wanawake wanaolia. Kuna mwamba, msalaba uliogeuzia pembeni, mmea utambaao ulioshika mguu wa mti ule, na misonobari. Mhakiki Basilius von Ramdohr alighadhabika. Mwaka 1809 aliandika kwamba ni kiburi kwa picha ya mandhari kutaka kupenya kanisani na kutambaa hadi juu ya altare. Ugomvi ukawa mkubwa, marafiki wa Friedrich wakamtetea, naye akalazimika kueleza. Mwamba, alisema, ni imani iliyosimama imara. Na misonobari, kijani nyakati zote, imeuzunguka msalaba kama tumaini la watu kwa yule aliyesulubiwa.

Watu huchukua maelezo hayo kama idhini ya kutumia jedwali kwa picha zake zote. Nadhani wanasahau mazingira. Ni maneno ya mtu aliyebanwa, juu ya picha moja, iliyokusudiwa ibada. Tena tazama anachokishika: kwamba msonobari hukaa kijani wakati wote. Hakusema kanisa limeamuru msonobari umaanishe tumaini. Alisema mti huu una tabia fulani, na tabia hiyo inafanana na jambo fulani moyoni. Kwa wanaoishi penye baridi kali, mti unaobaki kijani wakati dunia yote imegeuka kahawia si jambo dogo. Sisi ambao miembe yetu ni kijani Januari hadi Desemba inabidi tujikumbushe hivyo ili tuhisi uzito wake.

Mwaloni ndio mgumu zaidi, na ndio ulionifanya nianze kuandika makala haya. Msomaji wa Kiswahili anaujua kutoka kwenye Biblia, mialoni ya Mamre ambako Ibrahimu alipiga hema, hata kama hajawahi kuugusa. Wajerumani walikuwa na kumbukumbu nyingine juu yake, tena zinazopingana. Ya kwanza ni ya Bonifasi, mmisionari Mwingereza ambaye karibu na mwaka 723 aliukata mwaloni wa mungu Donar huko Geismar, na simulizi ya maisha yake inasema mbao zake zilijenga nyumba ya sala. Kwa kumbukumbu hiyo mwaloni ni dini ya kale iliyoanguka, na ndiyo njia aliyoipita Börsch-Supan. Ya pili ni ya washairi. Klopstock aliimba juu ya vichaka vya mialoni vya mababu, na mwaka 1772 vijana washairi waliomhusudu walikula kiapo cha urafiki chini ya mialoni karibu na Göttingen. Hapa mwaloni ni uhuru, lugha ya nyumbani, damu ya mababu. Ya tatu ni ya siasa. Napoleon aliishinda Prussia, ufalme mkubwa wa Kijerumani, mwaka 1806, na mwaka 1813 mfalme wa Prussia alipoanzisha nishani ya Msalaba wa Chuma kwa vita vya ukombozi, katikati yake yaliwekwa majani matatu ya mwaloni.

Basi ile picha ya mwaka 1809 hadi 1810, yenye magofu ya abasia kati ya mialoni mikavu na watawa wanaobeba jeneza kwenye theluji, inasema nini? Upagani uliokufa? Ujerumani iliyopigwa? Kanisa la zamani lililobomoka? Mfalme Friedrich Wilhelm III aliinunua kwa ushauri wa mwanawe, na sidhani walikuwa wananunua somo la historia ya Bonifasi. Maana zote tatu ziliishi kwa wakati mmoja katika vichwa vya watazamaji. Mchoraji aliyajua hayo, na hakuchagua moja akafunga nyingine. Aliichora miti yenyewe kwa ukweli mkali: mwaloni hufa pole pole kuanzia kileleni, matawi makavu hubaki yameshikilia miaka na miaka, huku chini shina likiendelea kutoa majani. Hakuna mti ulio bora zaidi kwa watu waliokuwa wakijiuliza kama taifa lao limekufa au bado.

Mwaka 1822, kwa agizo la Joachim Heinrich Wilhelm Wagener, mfanyabiashara wa benki mjini Berlin, Friedrich aliusimamisha mwaloni kama huo peke yake katikati ya uwanda. Kilele kimekufa, kimevunjika, kinaikata mbingu. Katikati na chini una majani tele, na mchungaji ameegemea shina, kondoo wanakula. Ukiuliza mti ule ni ishara ya kifo au ya uhai, mchungaji amekwisha kujibu: uko pale, una kivuli.

Siasa haikumwacha. Katika picha ya wanaume wawili wakiutazama mwezi, ya 1819 hadi 1820, mwaloni unaong'oka mizizi umeinama upande mmoja na msonobari umesimama upande wa pili, nao wanaume wamevaa mavazi ya kale ya Kijerumani yaliyohusishwa na wapinzani waliokuwa wakiwindwa na serikali wakati ule. Inasemekana Friedrich aliwaambia wageni wake kwamba wale wawili wanapanga fitina za uasi. Na baada ya kifo chake mwaloni uliendelea kuvutwa huku na huku. Kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936 washindi wa dhahabu walipewa mche wa mwaloni kwenye chungu, na watawala wa wakati huo walimfanya Friedrich kuwa wao. Ndiyo hatari ya kuufanya mti kuwa neno moja: mwenye sauti kubwa ndiye atakayelitamka.

Runge alikwenda njia nyingine kabisa. Mwaka 1803 alichora kwa kalamu mfululizo wa michoro minne, Asubuhi, Mchana, Jioni na Usiku, ambayo ilichapishwa kwa mabamba ya shaba mwaka 1805, nakala chache tu, kisha kwa wingi zaidi mwaka 1807. Humo karibu hakuna ardhi. Mimea ndiyo mandhari. Asubuhi, yungiyungi linachomoza kutoka ukunguni na kufunguka, na watoto wamekaa juu ya petali zake. Jioni linazama. Usiku yanatawala maua ya afyuni, mmea wa usingizi, na alizeti zimesimama kama walinzi. Kila mchoro una pande mbili zinazofanana kama mbawa za kipepeo, ukaonekana umepimwa kwa rula. Na kweli alipima. Baadaye alichora ua la buluu la mashamba ya ngano kwa vipimo vya jiometri, akitafuta kanuni iliyofichwa katika mpangilio wa petali.

Jicho lake lilifundwa na mkasi. Tangu utotoni, akiwa mwenye afya dhaifu, alikata mimea kwenye karatasi nyeupe, bila kuchora kwanza: shina, jani, chipukizi, mizizi, vyote kwa mkato mmoja. Goethe, ambaye mwaka 1790 alikuwa amechapisha utafiti wake juu ya namna mmea unavyobadilika kutoka jani hadi ua, alipokea baadhi ya karatasi hizo mwaka 1806. Alizining'iniza chapa za ile michoro minne ya nyakati za siku katika chumba chake cha muziki, na mwaka 1811 akamwambia mgeni, Sulpiz Boisserée, kwamba ni nzuri na ni za kichaa kwa pamoja. Nadhani alisema kweli bila dharau. Runge alitaka watu wazoee kuona utu ndani ya ua hadi siku moja ua peke yake litoshe. Alitaka kuzigeuza kazi zile kuwa picha kubwa za rangi, ndani ya jengo lake maalumu, zitazamwe kwa muziki. Kifua kikuu kilimchukua Desemba 1810 akiwa na miaka 33, ameifikia Asubuhi tu.

Kwa Runge basi mimea ina msamiati, na jedwali linafaa zaidi kuliko kwa Friedrich: yungiyungi ni nuru, afyuni ni usingizi. Lakini hata hapa ua halisi linatangulia. Mwaka 1808 alichora amarilisi moja nyekundu, peke yake, na ukiitazama hutafikiria ishara yoyote. Utafikiria uzito wa petali ile inayoning'inia.

Carl Wilhelm Kolbe, aliyeishi na kufanya kazi zaidi Dessau, hakujali misamiati. Alipewa jina la utani Kolbe wa Mialoni, na yeye mwenyewe alisema miti ndiyo iliyomfanya msanii. Kazi zake za ajabu zaidi ni chapa za magugu ya vinamasi: matete, majani mapana kama ya kabichi, kangaga, yote yamekuzwa hadi watu walio kati yake wanafanana na wadudu. Katika moja ya karibu mwaka 1801 wapenzi wawili wanasimama mbele ya kaburi la Arkadia, ile nchi ya furaha ya washairi, na jani la gugu linawafunika kama paa. Hakuna alama ya kufumbua. Kimo peke yake kinatosha: magugu yalikuwapo kabla ya kaburi, na yatakuwapo.

Kuna pia Friedrich Olivier, ambaye mwaka 1817 akiwa Vienna alichora majani makavu. Majani tu, yaliyojikunja, yaliyopasuka kingo, kwa mistari myembamba kama unywele. Ukitaka kuyaita ishara ya mauti unaweza. Mimi naona zaidi utiifu wa jicho, namna ya sala.

Uingereza nayo ilikuwa na Samuel Palmer. Alikuwa na miaka 20 alipochora mwaka 1825 michoro sita ya sepia iliyopo sasa katika jumba la Ashmolean, Oxford. Aliuchanganya wino na gundi ya Kiarabu, ile inayotoka kwenye migunga, na karatasi ikawa na wekundu mzito kama kahawa iliyokolea. Katika mmoja wake, bonde zima limejaa ngano, masuke makubwa kuliko ilivyo kawaida, mwezi umejaa, na mtu amelala katikati ya mavuno akisoma. Msingi wake ni Zaburi ya 65, ile ya mabonde yanayovikwa nafaka na kuimba. Ngano ya Palmer si fumbo. Ni baraka iliyoonekana kwa macho, imechorwa nono kwa sababu hivyo ndivyo shukrani inavyoona. Miaka mitatu baadaye alichora mialoni mizee ya Lullingstone, na katika barua akauelezea mti kama mwili wa mwanadamu: tumbo na mabega yenye misuli, mishipa iliyosokotwa, mizizi iliyokamata ardhi kwa mieleka. Inauma kwamba mwaka 1909 mwanawe alichoma madaftari mengi ya baba yake.

Na kuna John Constable, ambaye watu wengi hawamweki kwenye mazungumzo ya ishara, kwa sababu alipenda kuchora mti kama mti. Mwaka 1836, akitoa mhadhara Hampstead, nje kidogo ya London ya wakati ule, aliwaonyesha wasikilizaji mchoro wake wa mti mmoja mrefu, wa jamii moja na mzeituni, ambao Waingereza huuita ash. Uliwahi kusimama pale pale, mwanzo wa kijiji. Akawaambia wengi wao huenda wanamkumbuka bibi huyu kijana, na kwamba alikufa kwa moyo uliovunjika. Aliuchora ukiwa mzima. Baadaye alipopita alikuta ubao umepigiliwa ubavuni mwake, kwa misumari mirefu, ukitangaza kwamba wazururaji na ombaomba watashughulikiwa kwa mujibu wa sheria. Mti, alisema, ulionekana kuihisi aibu ile, maana matawi ya juu yalikuwa yamekwisha kunyauka. Mwaka uliofuata nusu yake ilipooza, kisha nusu ya pili. Hatimaye ukakatwa, kikabaki kisiki chenye kimo cha kutosha tu kuubeba ule ubao.